Marhamu ya mimea kwa vidonda vya homa mdomoni: inahitaji nini hadi iitwe dawa?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mjasiriamali wa Morogoro, natengeneza sabuni na mafuta ya ngozi. Nina marhamu ya mdomo yenye nta ya nyuki, mafuta ya nazi, mafuta ya mwarobaini, mshubiri na matone machache ya mafuta ya karafuu. Wateja wangu wanasema inawaponya vidonda vya homa mdomoni ndani ya wiki moja. Nataka kuisajili na kuiuza kama dawa. Je, nimechagua mimea sahihi? Na nifanye nini ili ikubalike?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kazi, na asante kwa kutaja kila ulichochanganya, maana wengi huficha. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa. Mimea tunayo, mikono yenye ujuzi kama yako tunayo, na tatizo lipo karibu kila nyumba. Tunachokosa ni ile kazi ya katikati, inayoitoa tiba ya bibi jikoni na kuifanya kitu ambacho mfamasia anaweza kumkabidhi mgonjwa bila wasiwasi.

Naanza na hiyo wiki moja. Vidonda vya homa hupona vyenyewe. Mtu asipopaka chochote, tangu mdomo uanze kuwasha hadi gamba lidondoke huwa ni kama siku 7 hadi 10. Mteja aliyeanza kupaka siku ya tatu, malengelenge yakiwa yameshapasuka, akapona ndani ya wiki, anasema kweli kwamba alipaka na akapona. Ila angepaka mafuta ya kupikia angepona vilevile. Ugonjwa unaoondoka wenyewe ni mgumu sana kuutafutia dawa, kwa sababu kila kinachopakwa hupata sifa. Karibu yote nitakayokueleza hapa chini yanatokana na ugumu huo.

Kinachosababisha ni kirusi cha herpes simplex, aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu bilioni 3.7 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani takriban theluthi mbili yao, walikuwa nacho. Wengi wetu tulikipata utotoni, kwa kubusiwa na ndugu tu. Hakina uhusiano na tabia ya mtu, na kutokwa na kidonda hicho mara moja moja si dalili ya UKIMWI. Nakuomba uwaambie wateja wako hivyo, maana wapo wanaojificha ndani kwa aibu hadi gamba lidondoke. Baada ya maambukizi ya kwanza, kirusi hupanda kwa mishipa ya fahamu ya uso na kulala kwenye kifundo cha mishipa hiyo ndani ya fuvu. Hapo hakuna krimu inayofika, iwe ya mimea au ya kiwandani, kwa hiyo hakuna marhamu inayoweza kudai inakimaliza. Huamshwa na homa kali, jua kali, uchovu, wakati mwingine hedhi, au kinga ya mwili kushuka. Wazee wanaposema malaria imemtokea mtu mdomoni hawako mbali na ukweli: homa ya malaria au ya nimonia kweli hukiamsha, ingawa kidonda chenyewe si malaria.

Jambo jingine la kuhakikisha mapema ni kwamba wateja wako wote wanazungumzia ugonjwa mmoja. Kwenye kaunta ya duka la dawa mtu husema "nina vidonda vya mdomo" akiwa na kimojawapo kati ya vitu vitatu tofauti kabisa. Kidonda cha homa halisi ni vilengelenge vidogo vilivyosongamana mahali pamoja, mara nyingi pale mdomo unapokutana na ngozi, upande mmoja, vyenye maji maangavu ndani. Hupasuka, vikaacha unyevu, kisha gamba la rangi ya asali au kahawia. Mipasuko kwenye pembe zote mbili za mdomo, inayouma mtu akipanua kinywa kula ndizi au andazi, ni kitu kingine: fangasi, bakteria, au upungufu wa madini ya chuma na vitamini za kundi B. Na vile vidonda vyeupe vya ndani ya shavu au chini ya ulimi kwa kawaida havitokani na kirusi hiki. Ukichanganya shuhuda za makundi hayo matatu, huna unachoweza kujifunza kutokana nazo. Mtu mwenye mipasuko ya pembeni ambaye mafuta ya nazi yamemlainishia ngozi atakusifia kwa haki, lakini hajakuambia lolote kuhusu herpes.

Sasa tuje kwenye muda, maana hapo ndipo dawa ya kupaka inapoweza kufanya kitu. Kwanza mtu husikia kuwashwa au kuchomachoma mahali ambapo bado hapaonekani kitu. Saa chache baadaye panavimba kidogo, kisha malengelenge, kisha kidonda, kisha gamba. Kirusi huzaana kwa wingi katika siku ya kwanza na ya pili. Gamba linapotokea, kinga ya mwili imeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana hata dawa za kiwandani zina mafanikio madogo kuliko watu wanavyodhani. Krimu ya asiklova ya asilimia 5, inayopakwa mara tano kwa siku, hupunguza takriban nusu siku ya kuugua. Dokosanoli ya asilimia 10, aina ya alkoholi yenye asili ya mafuta iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, ilipunguza saa 18 katika jaribio lake kubwa. Nakutajia haya ili ujue kipimo cha haki: marhamu ya mimea inayofupisha ugonjwa kwa siku moja, ikithibitishwa, si dawa dhaifu. Iko sawa na zilizopo dukani au imezizidi.

Je, kuna mmea uliofika hapo? Upo mmoja ninaoupa heshima ya kwanza: Melissa officinalis, mmea wa jamii ya nana unaonukia kama limau, uliotumika sana Ulaya. Krimu yake ilijaribiwa Ujerumani, na matokeo ya mwaka 1999 yalihusu wagonjwa 66 ambao kila mmoja alikuwa akitokwa na vidonda angalau mara nne kwa mwaka. Watu 34 walipewa krimu yenye mmea na 32 krimu tupu, wakapaka mara nne kwa siku kwa siku tano. Siku ya pili, ile ambayo kidonda huwa kikali zaidi, waliopata mmea walikuwa na dalili chache zaidi, kwa tofauti yenye uzito kitakwimu. Maabara za Heidelberg nazo zimeonyesha kwamba majimaji ya mmea huo hukizuia kirusi kisijishikize kwenye seli, hata kile ambacho asiklova haikiwezi tena, kwa sababu dawa hizo mbili hazifanyi kazi mahali pamoja. Asiklova hufanya kazi ndani ya seli iliyokwisha kuambukizwa. Mmea hukikamata kirusi kikiwa nje, kabla hakijaingia kwenye seli ya jirani.

Angalia kwa makini kilichokuwa ndani ya krimu ile, maana hapa ndipo watengenezaji wengi wa kwetu wanapopotea. Ilikuwa na asilimia 1 ya majimaji yaliyokaushwa, na gramu moja ya unga huo ilitokana na gramu 70 za majani makavu. Piga hesabu: tyubu ndogo ya gramu 5 ilibeba nguvu ya gramu 3.5 za majani makavu, rundo linalojaza kiganja. Mtu akiloweka kijiko cha majani kwenye nusu lita ya mafuta, akachuja, akaandika jina la mmea huo kwenye lebo, amechukua jina tu na kuiacha dawa.

Uswisi nao walijaribu krimu ya mseji (sage kwa Kiingereza) pamoja na mzizi wa rubabu (rhubarb) kwa wagonjwa 149. Kwa wastani mchanganyiko huo uliponya kwa siku 6.7, mseji peke yake siku 7.6, na asiklova siku 6.5. Hakukuwa na kundi la krimu tupu, kwa hiyo najifunza kwamba mchanganyiko ule ulikaribiana na asiklova, basi. Jeli ya asilimia 6 ya mafuta ya mti uitwao tea tree (Melaleuca, si mchai tunaokunywa) ilijaribiwa kwa watu wachache mno kuweza kuamua chochote. Asali ndiyo inayonivutia zaidi kwa mazingira yetu. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ndogo kutoka Dubai ya wagonjwa 16 iliyoipa asali sifa kubwa kuliko asiklova. Kisha New Zealand wakaja na jaribio la watu wazima 952 kupitia maduka ya dawa, asali ya mti wa kanuka dhidi ya krimu ya asiklova. Ngozi ilirudi kawaida baada ya siku 9 kwa asali na 8 kwa asiklova, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Sifa zilizovuma kwa wagonjwa 16 zilipungua walipokuja mia tisa. Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza idadi, sababu ni hiyo.

Turudi kwenye chombo chako. Mwarobaini una ushahidi wa maabara: mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba majimaji ya gome lake huizuia herpes aina ya kwanza isiingie kwenye seli. Gome lililotolewa kwa maji. Wewe unatumia mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu. Ni mti mmoja, lakini kemia ya gome na ya mbegu ni tofauti, na ushahidi wa kimoja hauhamii kwa kingine. Huku ni kuteleza ninakokuona kila siku kwenye lebo za dawa za asili, na hakutokani na ubaya wa mtu yeyote. Tunasoma "mwarobaini" tukafunga kitabu.

Karafuu ina yujeno, na kwenye bomba la maabara huua kirusi hiki. Lakini huunguza pia, na ngozi ya mdomo ni nyembamba, ikiwa na kidonda ndiyo zaidi. "Matone machache" si kipimo, kwani tone la chupa hii si tone la chupa ile. Pima kwa mizani, na kama unaibakiza, isizidi sehemu ndogo sana ya marhamu yote. Mimi ningeitoa kabisa kwenye bidhaa ya kupaka juu ya kidonda kibichi. Mshubiri ubaki, kwa faraja yake zaidi kuliko kwa vita dhidi ya kirusi, ila usimamishe jani lililokatwa wima hadi ule utomvu wa njano uchuruzike wote, ndipo uchukue ute mweupe wa ndani. Ule wa njano unakereketa. Na kama kuna mteja anayekuomba uongeze ndimu, kataa. Ndimu na jua vikikutana kwenye ngozi huacha kuungua na baka jeusi linalokaa wiki nyingi, na jua lenyewe ni mojawapo ya vitu vinavyokiamsha kirusi.

Tatizo kubwa zaidi la marhamu yako, hata hivyo, ni kwamba ni nta na mafuta matupu. Viini vingi vya mimea vinavyokizuia kirusi kushika seli, kama asidi ya rosmarini iliyomo kwenye Melissa, vinayeyuka kwenye maji na kileo. Ukivitia kwenye nta vinabaki chembechembe zilizofungiwa ndani ya mafuta, visigusane na kirusi kilicho kwenye maji ya lengelenge. Unahitaji krimu yenye maji ndani yake. Ukishaweka maji umeikaribisha bakteria na ukungu, kwa hiyo unahitaji kihifadhi, maji yaliyosafishwa, na uchachu unaolingana na wa ngozi. Vilevile achana na vikopo. Mtu huchovya kidole, hugusa kidonda, huchovya tena, na jioni mdogo wake anatumia kikopo kilekile. Tyubu ndogo yenye mdomo mwembamba, ya mtu mmoja, pamoja na maneno "osha mikono kabla na baada", ni sehemu ya dawa.

Ni mimea gani ya kwetu ningeifuatilia? Kwanza, mrehani. Uko kwenye jamii ileile ya nana na una asidi ya rosmarini. Rozimeri vilevile, na unalimika vizuri nyanda za juu. Sisemi vinaponya, nasema vina kiini kinachojulikana ambacho maabara inaweza kukipima gunia kwa gunia, na hilo kwa mtengenezaji ni nusu ya safari. Pili, mtandamboo, yaani Carissa edulis, ambao watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba nchini Kenya, waliripoti mwaka 2006 kwamba majimaji ya mizizi yake yaliizuia herpes kwenye seli na kwa panya, pamoja na virusi sugu kwa asiklova. Panya wale walinyweshwa, hawakupakwa, kwa hiyo kazi ya krimu bado inamngoja mtu. Nina hofu moja: mizizi. Bidhaa ikipendwa, vichaka vitang'olewa. Anayetaka kushika njia hiyo apande kwanza.

Hatua zenyewe zinaenda hivi. Chukua tawi lenye majani na maua ulipeleke kwa wataalamu wa mimea, na uko Morogoro, SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipo hapo hapo. Wakuthibitishie jina la kisayansi na wahifadhi sampuli, maana kuna aina nyingi za jamii ya mrehani na kivumbasi ambazo macho yanazifananisha. Andika ulichuma lini, wapi, sehemu ipi. Kausha kivulini. Kamua kwa maji au kwa mchanganyiko wa maji na kileo, uwiano uleule kila mara. Kisha maabara, na hapa tuna Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili pamoja na kituo cha Mabibo cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watapanda kirusi juu ya seli, mara nyingi zile zenye asili ya figo ya tumbili, na kuhesabu matundu ambayo kirusi hutoboa kwenye tabaka hilo. Dawa ikipunguza matundu ni vizuri, lakini sharti uulize swali la pili: seli zenyewe ziko hai? Jiki nayo ingeua virusi vyote. Kinachotafutwa ni pengo pana kati ya kiasi kinachozuia kirusi na kiasi kinachodhuru seli, na mimea mingi yenye sifa kubwa huangukia hapo.

Ikivuka, inafuata krimu kamili, si majimaji peke yake: ikae miezi 6 kwenye nyuzi joto 40 na unyevu wa asilimia 75 huku ikipimwa kiini, harufu, uchachu na vijidudu. Joto hilo ni la gari lililoegeshwa juani Dodoma, kwa hiyo usilione la kupindukia. Baada ya hapo ndipo watu, kwa kibali cha maadili cha NIMR na kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Kundi moja lipate krimu yenye mmea, jingine krimu tupu yenye rangi na harufu ileile, mgawaji na mgonjwa wasijue nani kapata ipi. Na muhimu kuliko yote kwa ugonjwa huu: wagonjwa wawe wamekabidhiwa tyubu kabla ya kuugua, ili wapake saa ileile mdomo unapoanza kuwasha. Ukingoja waje na kidonda, umeshachelewa na jaribio lako litasema dawa haifanyi kazi hata kama inafanya.

Hii si kazi ya mtu mmoja mwenye jiko na mizani, na sikutegemei uibebe peke yako. Ingia ubia na watafiti kwa makubaliano ya maandishi yanayolinda mchango wako. Upande wa sheria, tofauti inaletwa na madai yako. Ukisema "hulainisha midomo", ni kipodozi, na vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Ukisema "huponya vidonda vya homa", umeingia kwenye dawa. Kama ni dawa ya asili, mlango wako ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, na utahitaji matokeo ya maabara inayotambuliwa, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Wakati hayo yanaendelea, kuna bidhaa yenye manufaa unayoweza kuielekea kwa ujuzi ulio nao sasa. Mwaka 1991 yalichapishwa majaribio ya watu 38 wenye historia ya vidonda hivi, waliomulikwa mdomoni kwa miale kama ya jua. Walipopakwa krimu tupu, 27 walitokwa na vidonda. Walipopakwa kinga ya jua, hakuna aliyetokwa. Marhamu ya mdomo yenye kinga ya jua ingewafaa wavuvi, bodaboda, wakulima, na hasa ndugu zetu wenye ualbino. Mafuta ya nazi na shea peke yake hayatoshi kuzuia jua, itabidi uongeze zinki oksidi iliyosagwa kwa kiwango cha vipodozi na kinga hiyo ipimwe. Mjini Moshi wanatengeneza krimu ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa hiyo uwezo wa kutengeneza kinga ya jua ya kuaminika upo nchini.

Kwa vikopo vilivyo mezani sasa hivi, futa neno "tiba" kwenye lebo, na mteja mwenye kidonda kibichi mwelekeze kwa mfamasia badala ya kumuuzia. Wapo wa kuwapeleka hospitali moja kwa moja: mwenye kidonda kilichozidi wiki mbili, na kikikaribia mwezi apimwe kinga yake na VVU, mwenye jicho jekundu linalouma au kuona ukungu, kwa sababu kirusi hiki kikiingia jichoni kinaweza kuleta upofu, mtoto mwenye pumu ya ngozi ambaye malengelenge yanasambaa, na mtoto mchanga yeyote mwenye lengelenge, hata moja. Mama mwenye kidonda mdomoni aendelee kunyonyesha, ila asimbusu mwanawe hadi gamba lidondoke na ngozi iwe safi.